UZI: "Imetoka" ya forodha, ya yadi na ya lori si moja. Hifadhidata tatu zinaunganishwaje?

#1 kilindini_data

Salaam jamani. Kuna hifadhidata tatu hapa Mombasa zinazotakiwa kutoa ripoti moja: ya wakala wa forodha (MySQL), ya yadi ya makontena (PostgreSQL), na ya malori, ambayo ni mafaili ya Excel, moja kila mwezi. Kuzihamisha si tatizo, zote zimeshaingia kwenye seva moja. Tatizo ni kwamba kila moja ina maana yake kwa maneno yaleyale.

Hali: neno IMETOKA liko kote kutatu. Kontena lilelile, forodha yasema limetoka tarehe 3, malori tarehe 4, yadi tarehe 5.

Uzito: kontena moja lina tarakimu tofauti kila mahali, na tofauti si ya kilo mbili tatu, ni ya matani.

Mteja: jina lililoko forodha halipatikani kwa malori hata pale mzigo ni mmoja.

Eneo: kwenye orodha ya zamani ya anwani "Kisauni" imejaa kupita kiasi, na Nyali haipo kabisa.

Nianze wapi? Yupo anayeshauri nibadilishe majina ya safu yafanane, na yupo anayeshauri ontolojia (ramani rasmi ya dhana na mahusiano yake ambayo kompyuta inaweza kuisoma).

#2 MzeeJedwali

Majina ya safu tayari yanafanana, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Ukizidi kuyafananisha utakuwa umefukia shimo kwa majani.

Acha safu, tafuta tukio. Kwa kila safu jibu maswali manne kwa sentensi moja moja: nani anaiandika, anaiandika wakati gani, anaangalia nini anapoiandika, na nani anaumia ikikosewa. Hilo la nne watu huliruka, nalo ndilo lenye faida zaidi. Safu isiyomuumiza mtu huwa chafu. Safu ambayo bili inatozwa kwayo huwa safi, hata kama jina lake limeandikwa ovyo.

IMETOKA sasa. Ukiuliza hayo manne utakuta:

forodha: shehena imeruhusiwa. Kontena lenyewe bado limekaa palepale.
malori: kontena limepakiwa juu ya trela.
yadi: lori limevuka geti kwenda nje.

Hakuna anayesema uongo. Ni matukio matatu yaliyovishwa kanzu moja. Kwa hivyo usiwe na safu moja ya "hali" katika muundo wa pamoja. Tengeneza jedwali la matukio lenye safu tano: safari_ya_kontena, tukio, wakati, chanzo, neno_la_chanzo. Hiyo ya mwisho ni neno kama lilivyoandikwa huko lilikotoka, herufi kwa herufi. Usilifute kamwe.

Baada ya hapo zile tarehe 3, 4 na 5 hazigombani tena, zinafuatana. Na unapata kipimo cha bure: ruhusa lazima itangulie kupakia, na kupakia kutangulie geti. Mpangilio ukivunjika, hapo pana kosa la kweli la kutafuta.

#3 mtwapa26

Kabla hujaiamini hiyo tarehe 5, angalia saa. Lori likivuka geti saa saba unusu usiku wa kuamkia tarehe 5, hiyo ni 01:30 saa za hapa. Mfumo ukihifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa) ni 22:30 ya tarehe 4, kwa sababu sisi tuko mbele kwa saa 3. Ripoti inayokata siku kwa UTC itayarudisha nyuma malori yote yanayotoka kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri, na siku ya kutoza uhifadhi itapungua moja.

Kwa MySQL kuna mtego: `DATETIME` haijui ukanda wa saa, `TIMESTAMP` inageuza kuwa UTC inapohifadhi na kurudisha kwa saa za muunganisho wako inaposomwa. Jedwali moja laweza kuwa na zote mbili. Kwa PostgreSQL, `timestamp` tupu ifanye hivi kabla ya kulinganisha na chochote:

`wakati AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'`

lakini tu ukishahakikisha kwamba iliandikwa kwa saa za hapa. Ukiitumia kwa safu iliyokuwa UTC umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Halafu yale mafaili ya malori. Dereva akiandika "saa 2" ni 08:00, ni 20:00, au ni 14:00? Kiswahili kinasema mojawapo ya mbili za kwanza, simu yake inasema ya tatu. Usigeuze kwa kukisia. Tazama safu jirani: kama wakati wa geti wa yadi upo, chagua tafsiri inayoangukia kabla yake kwa karibu zaidi na uitie alama "imekadiriwa". Kama haupo, iache bila saa, baki na tarehe tu.

#4 DadaSkima

Nichukue uzito, maana hapo ndipo pesa zinapovuja.

Shika kontena moja la futi 20 la mchele. Mifuko 480 ya kilo 50:

uzito wa mchele wenyewe: 480 × 50 = kilo 24,000
mifuko mitupu, tuseme gramu 120 kila mmoja: kilo 57.6
mchele na mifuko: kilo 24,057.6
kontena lenyewe likiwa tupu, tuseme kilo 2,200: jumla 26,257.6
lori na trela, tuseme kilo 15,400: jumla 41,657.6
mizani ya barabarani inayosoma kwa hatua za kilo 20 itaandika 41,660

Namba nne za kweli, na zote zaweza kukaa kwenye safu iitwayo "uzito". Ankara ya muuzaji hutaja 24,000. Hati ya shehena kwa kawaida hutaja ule wa mzigo na vifungashio, bila kontena. Yadi inayopanga makontena kwa mtambo inataka 26,257.6, na ndio huo unaotakiwa na kanuni ya SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli) iliyoanza tarehe 1 Julai 2016, kwamba kontena lililojazwa lisipakiwe melini bila uzito uliothibitishwa: ama kwa kulipima lote, ama kwa kujumlisha kila kilichomo, vifungashio vyake, na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Malori wanayo ya mizani.

Basi safu ziwe nne: uzito_halisi, uzito_na_vifungashio, uzito_na_kontena, uzito_na_lori. Kila moja na kipimo chake kimeandikwa ndani ya jina au kwenye safu ya pembeni. Usiweke wastani, usichague "ulio sahihi". Kaka, ukiona mtu anachukua wastani wa 24,000 na 41,660, mnyang'anye kibodi.

Kipimo nacho: "tani" ya metriki ni kilo 1,000, ya Uingereza ya zamani ni 1,016, ya Marekani ni 907. Tofauti ya asilimia 1.6 inafanana sana na kosa la mizani, kwa hivyo hupita bila kushtukiwa. Ukigawa namba za chanzo kimoja kwa za kingine na majibu yote yakaangukia karibu na 1.016 au 0.907, hapo si mizani.

Kujua uzito fulani ni upi hata kama hakuna wa kumuuliza: toa namba ya chanzo kimoja kwa ya kingine, kwa makontena yote ya futi 20, kisha chora mgawanyo. Tofauti zikirundikana kilo 2,000 hadi 2,500, hilo ni kontena tupu. Zikirundikana karibu na 15,000, hilo ni lori. Zikitapakaa kila mahali bila kirundo, mtu anaandika kwa kichwa.

#5 Nahodha_Null

Hakuna aliyeuliza unaunganisha kwa ufunguo gani. Kama ni namba ya kontena peke yake, hayo yote ya juu ni kazi bure.

Namba ya kontena inatambulisha sanduku, si shehena. Sanduku hilohilo litarudi bandarini baada ya miezi likiwa na mzigo wa mtu mwengine. Ukiunganisha kwa namba tu, ruhusa ya mwezi wa pili itaoana na geti la mwezi wa tisa. Ufunguo ni namba ya kontena pamoja na hati ya shehena. Malori wasipokuwa na hati ya shehena, tumia namba na dirisha la siku: kupakia kuanzie tarehe ya kushushwa melini hadi kabla ya sanduku hilo kushushwa tena.

Kwanza lakini safisha namba zenyewe. Chini ya ISO 6346 (kiwango cha kimataifa cha namba za makontena) ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile ya mwisho ni ya ukaguzi. Herufi zina thamani kuanzia A=10, ukiruka 11, 22 na 33. Zidisha alama ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ukiongeza maradufu hadi ya kumi kwa 512. Jumlisha, gawa kwa 11, kinachobaki ndiyo tarakimu ya ukaguzi (kikibaki 10 huandikwa 0). Mfano CSQU305438: 13+60+112+256+48+0+320+512+768+4096 = 6185. Ukigawa kwa 11 kinabaki 3. Kwa hivyo CSQU3054383. Kwenye Excel za malori tegemea O badala ya 0, nafasi katikati, na tarakimu ya mwisho iliyoachwa. Iliyoachwa unaweza kuihesabu; iliyokosewa usiirekebishe mwenyewe, iweke kando.

Na kama kuna safu ya "idadi ya makontena", uliza: masanduku au TEU (hesabu kwa kipimo cha sanduku la futi 20)? La futi 40 ni sanduku 1, lakini TEU 2.

#6 kilindini_data

Ahsanteni. Ufunguo ulikuwa namba peke yake, nimeshika kichwa. Na wateja je? Nimejaribu kulinganisha majina kwa Soundex (kanuni inayoyapa majina msimbo kwa jinsi yanavyosikika), yanayooana ni machache na mengine ni ya ajabu.

#7 DadaSkima

Kabla ya majina, uliza "mteja" ni nani. Kwa forodha ni mwenye mzigo. Kwa yadi ni anayelipa bili, mara nyingi wakala. Kwa malori ni aliyeagiza lori. Kwenye mzigo mmoja hao waweza kuwa watu watatu, na majina yao hayatafanana hata ukileta kanuni gani. Tengeneza jedwali la `mhusika` na jedwali la `jukumu`: mwenye_mzigo, mlipaji, mwagizaji_lori. Kampuni moja yaweza kushika majukumu yote matatu leo na moja tu kesho.

Ndani ya jukumu lilelile sasa ndipo unalinganisha. Anza na PIN ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya): alama 11, herufi, tarakimu 9, herufi, ikianza na A kwa mtu binafsi au P kwa kampuni. Mfuatano usiokaa hivyo si PIN. Na PIN moja ikitokea kwenye majina chungu nzima ya wenye mizigo, hiyo huenda ni ya wakala iliyojazwa mahali pasipo pake, iondoe kwenye ulinganishaji.

#8 MzeeJedwali

Soundex iliundwa kwa majina ya ukoo ya Kimarekani, hati yake ya ugunduzi ni ya 1918. Inashikilia herufi ya kwanza. Khamis inakuwa K520 na Hamisi H520, jina moja lakini hawatakutana. Kinyume chake Salim, Salum na Salma wote ni S450, na hapo umemchanganya mume, shemeji na mke. Mohamed, Mohammed na Muhammad inawaweka pamoja, hilo inalifanya vizuri.

Hatari kubwa zaidi kwa majina ya hapa ni zile kanuni zinazopanga maneno kwa alfabeti kabla ya kulinganisha. Ali Salim na Salim Ali zinakuwa jina moja. Kwetu la pili ni la baba. Umemuunganisha mtoto na baba yake, kila mmoja na deni lake. Mpangilio wa maneno uheshimu.

Utaratibu: toa Ltd, Limited, Co. na "bin", tengeneza kijedwali cha tahajia zinazojulikana (Khamis/Hamisi, Abdalla/Abdallah/Abdulla), linganisha neno kwa neno kwa Jaro-Winkler (kipimo cha jinsi maneno mawili yanavyokaribiana kwa herufi), la kwanza na la kwanza, la pili na la pili, ongeza alama kwa simu au sanduku la posta linalooana. Kisha weka mipaka miwili, si mmoja, kama walivyopendekeza Fellegi na Sunter mwaka 1969: juu ya mpaka wa juu unganisha, chini ya mpaka wa chini tenga, katikati apelekewe mtu. Anayetaka mpaka mmoja anataka tu kukwepa kuajiri mtu.

#9 bamburi_dev

Wazee mbona mnajitesa hivi. Siku hizi unampa modeli ya lugha skima (orodha za majedwali na safu) zote tatu inakuchorea ramani nzima dakika moja.

#10 Nahodha_Null

Itachora, sheikh. Na itaoanisha `uzito` na `uzito` kwa uhakika wote, ndilo hasa kosa tunalolizungumza tangu asubuhi. Inaona majina ya safu, haimwoni karani. Itumie kupendekeza jozi za kuchunguza, hasa skima ikiwa na safu mia mbili na majina kama `fld_17`. Mpe na sampuli ya thamani, si majina tu. Uamuzi ubaki kwa mtu, na jina la aliyeamua liandikwe.

#11 mtwapa26

Kuhusu Kisauni. Kabla ya uchaguzi wa 2013 Mombasa ilikuwa na maeneo bunge manne: Mvita, Likoni, Changamwe na Kisauni. Kisha Nyali ikakatwa kutoka Kisauni, na Jomvu kutoka Changamwe, yakawa sita. Kwa hivyo "Kisauni" ya orodha ya zamani ni Kisauni na Nyali za leo kwa pamoja. Neno halikubadilika, ardhi yake ndiyo iliyopungua.

Usigeuze Kisauni ya zamani kuwa Kisauni mpya. Kama anwani ina jina la mtaa, tumia hilo: Kongowea ni Nyali, Bamburi ni Kisauni, Miritini ni Jomvu. Kama haina, iache kwenye kiwango cha "Kisauni ya kabla ya 2013", na ripoti za nyuma zijumlishe mapya kurudi kwenye ya zamani. Kujumlisha kunawezekana daima, kugawa hakuwezekani bila habari ya ziada.

Misimbo ya forodha ina tabia hiyohiyo. HS (orodha ya kimataifa ya misimbo ya bidhaa) ya 2017 ilikuwa na 8517.12 kwa simu za mkononi. HS ya 2022 ikaigawa: 8517.13 simujanja, 8517.14 nyenginezo. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki uliofuata toleo hilo ulianza tarehe 1 Julai 2022. Kila msimbo ubebe toleo lake. Na zikipita Excel, chai ya 0902 inakuwa 902, kwa hivyo safu iwe ya maandishi kabla faili halijafunguliwa, si baada.

#12 MzeeJedwali

Sasa hayo ya ontolojia. Kwa hifadhidata tatu, jedwali la ulinganifu linatosha. Ila liwe na safu mbili ambazo wengi huzisahau: aina ya uhusiano, na tarehe za kuanza na kuisha.

`chanzo | neno | maana_ya_pamoja | uhusiano | tangu | hadi`
`forodha | IMETOKA | RUHUSA_FORODHA | sawa | … | …`
`malori | IMETOKA | IMEPAKIWA | sawa | … | …`
`yadi | IMETOKA | IMEVUKA_GETI | sawa | … | …`
`anwani | Kisauni | KISAUNI_MPYA | pana_zaidi | … | 2013`

Aina za uhusiano zichukue kutoka SKOS ya 2009, kiwango cha kupanga istilahi cha W3C (shirika la viwango vya wavuti): sawa kabisa, karibu, pana, finyu. Mambo mawili ya kuangalia. "Sawa kabisa" inaambukiza: A sawa na B, B sawa na C, basi A sawa na C. "Karibu" haiambukizi, na programu inayoifanya iambukize itakuletea upuuzi hatua kwa hatua. La pili, katika SKOS "A broadMatch B" maana yake B ndiyo pana. Watu huisoma kinyume kila siku, ndiyo maana jedwali la juu limeandikwa kwa Kiswahili: neno la chanzo ndilo pana.

Ukifika hifadhidata kumi, au ukihitaji kompyuta igundue yenyewe kwamba jambo fulani ni aina ya jengine, hapo rudi tuzungumze ontolojia.

#13 DadaSkima

Niongeze thamani haraka haraka: ankara mara nyingi ni FOB (bei bila bima wala nauli ya meli), forodha hapa inatoza kwa CIF, yaani bima na nauli zimo ndani. Safu mbili, na sarafu na tarehe ya kiwango cha ubadilishaji zikae pembeni.

Na sifuri. Uzito 0 kwa yadi maana yake ni "haujapimwa". Neno "tupu" kwao ni kontena lisilo na mzigo, wakati uga mtupu ni habari isiyojulikana. Programu ya kuhamisha ikigeuza "tupu" kuwa NULL (alama ya uga usio na thamani) umepoteza makontena yote matupu ya kurudishwa. MySQL nayo yaweza kuwa imehifadhi tarehe za `0000-00-00`. Tenganisha tatu: haijulikani, haihusiki, bado haijatokea.

#14 Nahodha_Null

Ukaguzi wa kila usiku, mistari kwa kila chanzo:

zilizoingia = zilizounganishwa + zilizokataliwa + zinazosubiri mtu

Isipolingana, simamisha ripoti. Na neno geni lisiloko kwenye jedwali la ulinganifu lisipelekwe "NYENGINEZO". Lisimame kwenye zinazosubiri, lipige kelele. NYENGINEZO ni kaburi.

Anza na hii upande wa yadi uone maneno yenyewe:

`SELECT hali, COUNT(*) FROM yadi.kontena GROUP BY hali ORDER BY 2 DESC;`

Kumbuka MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL inatofautisha. "Imetoka" na "IMETOKA" zitahesabiwa moja huku na mbili kule.

#15 kilindini_data

Nimeiendesha. Nyingi ni IMETOKA, lakini kuna mistari mia kadhaa ya "IMETOKA T". Hiyo T nadhani ni tupu?

#16 MzeeJedwali

Usidhani. Yaweza kuwa tupu, trela, treni au transiti. Mpigie karani wa geti.

#17 kilindini_data

Nimempigia. Zamani ilikuwa transiti. Tangu mwaka jana wanaiandika kwa treni.

#18 MzeeJedwali

Basi ni mistari miwili kwenye jedwali, na `tangu` na `hadi` zimeshapata kazi. Mpigie tena umuulize ilikuwa tarehe ngapi, na kama zamu ya usiku ilibadilisha siku hiyohiyo.